Tutetee Tasnifu Zetu Garsen Kwanza

Katika idara zetu za Kiswahili kuna desturi ambayo sote tunaijua. Mwanafunzi wa uzamili huenda nyanjani akakusanya data, huirudisha chuoni, huichanganua kwa nadharia aliyoichagua, kisha husimama mbele ya walimu na wanafunzi wenzake kuwasilisha matokeo. Slaidi huoneshwa ukutani, karatasi ya mahudhurio huzungushwa, maswali matatu manne huulizwa, na mwenyekiti wa kikao hufunga kwa kumpongeza mwasilishaji na kumtaka arekebishe masuala madogo madogo ya kimtindo. Baadaye hufuata utetezi, nakala hutiwa jalada gumu, na tasnifu huenda rafuni. Wale waliotoa nyimbo, hadithi na methali zenyewe hawana nafasi popote katika mpangilio huu, isipokuwa katika ukurasa wa shukrani, ambako hutajwa kwa mkupuo mmoja kama "wahojiwa wangu wote".

Rai yangu katika makala haya ni kwamba mpangilio huo una kasoro ya kitaaluma, si ya adabu peke yake. Nashikilia kuwa tasnifu ya fasihi simulizi isitetewe chuoni kabla ya kuwasilishwa hadharani pale ilipokusanywa, kwa lugha inayoeleweka pale, mbele ya watu wenye uwezo wa kuikanusha. Nasema hivi kwa kuwa yangu ilikanushwa. Ilikanushwa mjini Garsen, Jumamosi moja ya Agosti 2024, na hadi leo nashukuru kuwa ilikanushwa ikiwa bado rasimu.

Kwa wasiolijua eneo hili, Garsen ni mji mdogo ulio kando ya Mto Tana, kwenye barabara itokayo Malindi kwenda Garissa. Wengi wetu huupita tu. Basi la Lamu hufika Minjila, abiria hununua maji na maembe dirishani, na safari huendelea kuelekea Witu. Mto nao hushuka hadi baharini karibu na Kipini, ukitandaza delta ambayo mwaka 2012 iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhi oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Wapokomo hulima kando ya mto. Waorma na Wardei hufuga. Na sokoni utawakuta pia Wabajuni, Wagiriama na wengine wengi, wote wakielewana kwa Kiswahili.

Kwa mwanafunzi wa Kiswahili, eneo hili lina mvuto wa pekee. Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993, waliiweka lugha ya Kipokomo katika kundi la Kisabaki pamoja na Kiswahili, Kimijikenda, Kielwana na lugha za visiwa vya Komoro. Maana yake ni kwamba mtu wa Ngao au Golbanti akizungumza, sisi husikia kitu kinachofanana na kile tunachokisomea. Fauka ya hayo, hapa ndipo nchi ya Fumo Liongo. Edward Steere alichapisha hadithi yake mwaka 1870, Muhammad Kijumwa akatunga utenzi mwaka 1913, na baadaye kikatoka nchini Ujerumani kitabu kizima cha nyimbo zinazonasibishwa naye. Sisi nasi tumemwandika Liongo katika insha, makala na tasnifu: ushujaa wake, usaliti wa mwanawe, sindano ya shaba. Kipini, ambako wenyeji huonyesha kaburi linalosemekana kuwa lake, hatuendi. Darasani kwetu aliyewahi kufika huko ni mmoja tu, naye alikwenda kwa arusi.

Mimi si mzaliwa wa Tana. Baba yangu alihamishiwa Garsen kikazi nilipokuwa na umri wa miaka tisa, nikasoma pale kwa miaka minne. Kipokomo nilichobaki nacho ni cha uwanja wa mpira. Kinatosha kutania na kugombana, hakitoshi kuombolezea. Hata hivyo, niliporudi mwaka 2022 kukusanya nyimbo za kazi, nilijihesabu kuwa mtu wa ndani, na katika pendekezo langu la utafiti niliandika kwa fahari kwamba mtafiti "ana umilisi wa lugha na utamaduni wa jamii husika". Hakuna aliyeniuliza umilisi huo niliupimaje.

Miongoni mwa nyimbo nilizorekodi ulikuwepo mmoja niliouimbiwa mtoni na mzee mpiga kafi. Nilikuwa nimemwomba aniimbie wakati anavuka, ili nipate wimbo katika mazingira yake halisi, kama vitabu vya mbinu za utafiti vinavyotuelekeza. Akaimba. Sura yangu ya nne ilijengwa juu ya wimbo huo. Nilihesabu mapigo, nikapima urefu wa kila mshororo, nikaonyesha jinsi takriri ya kibwagizo ilivyowiana na kafi inavyoingia majini na kutoka. Niliwasilisha sura hiyo katika semina ya idara mwaka 2023. Ilisifiwa. Swali pekee nililoulizwa juu yake lilikuwa iwapo niseme "umbo" au "muundo", na tulilijadili swali hilo kwa takriban dakika ishirini.

Nilikusudia kurudi Garsen mwishoni mwa mwaka ule. Mafuriko ya Novemba 2023 yakakata barabara na kuwaondoa watu vijijini, na kabla hawajatulia yakaja mengine ya Aprili na Mei 2024. Nilipofika Agosti, baadhi ya watu niliowahoji walikuwa wamehamia kwingine, na yule mzee mpiga kafi alikuwa amefariki. Niliazima ukumbi, nikapiga mbiu kwa msaada wa mwalimu mstaafu aliyewahi kunifundisha, wakaja watu thelathini na ushei. Umeme haukuwepo, kwa hiyo hapakuwa na slaidi. Niliwaeleza nilichokifanya, nikawasomea vipande nilivyovifasiri, kisha nikawachezea sauti ya mzee kwa spika ndogo ya betri.

Bibi mmoja aliyeketi karibu na mlango aliinua mkono kabla wimbo haujakwisha.

"Mjukuu wangu, huu si wimbo wa kafi."

Nikamjibu, "Bibi, nimeurekodi mtumbwini."

"Najua. Nani aliyekwambia kila kinachoimbwa mtumbwini ni cha mtumbwi?"

Akaeleza kwamba ule ulikuwa wimbo wa kilio, na kwamba mzee yule, juma nililomfikia, alikuwa ametoka kumzika mdogo wake ng'ambo ya pili. "Ulimkuta na msiba wake ukamwambia aimbe. Ameimba alichokuwa nacho." Takriri niliyoihesabu kuwa mapigo ya kafi ilikuwa ni jina la marehemu, jina la utani alilojulikana nalo nyumbani, likiitwa na kuachiwa nafasi ya kuitika. Watu wawili watatu walicheka, kisha wakanyamaza walipoona wengine wameinamisha vichwa. Mimi nilisimama pale na daftari langu lenye jedwali la mapigo.

Nawaomba wasomaji wasilichukulie jambo hili kuwa kisa cha kuchekesha cha mwanafunzi mzembe. Sikuwa mzembe. Nilifuata mbinu zote tunazofundishwa: kutazama, kuhoji, kurekodi, kunukuu, kufasiri. Jopo lililonisikiliza nalo halikuwa dhaifu. Lina walimu ninaowaheshimu na ambao wamesoma kuliko nitakavyowahi kusoma. Lakini hakuna hata mmoja wetu katika chumba kile cha semina aliyekuwa na uwezo wa kujua kwamba nimekosea. Tathmini ambayo haina uwezo wa kugundua kosa kubwa kuliko yote katika kazi inayotathminiwa inatuhakikishia nini?

Siku ile zilisahihishwa pia tafsiri zangu sita. Zote sita zilihusu maneno yanayofanana na ya Kiswahili. Hakuna hata moja iliyohusu neno geni kabisa, kwa sababu maneno mageni nilikuwa nimeyauliza. Hapa ndipo udugu wa Kisabaki unapotuponza sisi wanafunzi wa Kiswahili: tunadhani tumesikia. Mwanafunzi aliyetoka mbali kabisa, asiyejua hata salamu, pengine angeuliza zaidi na kupotoka kidogo kuliko mimi.

Kulikuwa na jambo jingine, zito zaidi, ambalo sikulitarajia kabisa. Katika sura ya kwanza nilikuwa nimeandika, kama walivyoandika wengi kabla yangu, kwamba Wapokomo ndio "wenyeji wa mto" na Waorma ni "wafugaji wahamaji wanaoingia deltani wakati wa kiangazi". Chuoni sentensi hiyo haikumgusa mtu. Ni sentensi ya usuli, na usuli husomwa upesi. Nilipoisoma Garsen, ukumbi ulibadilika. Mzee mmoja wa Kiorma, kwa upole mwingi, akaniuliza:

"Mwalimu, karatasi hiyo ikitoka chuo kikuu itakuwa na muhuri?"

Nikasema itakuwa nao.

"Basi siku moja mtu ataibeba kwenye baraza kuthibitisha kuwa mimi hapa ni mgeni."

Anayekumbuka habari za Tana hahitaji kuelezwa kwa nini ukumbi ulinyamaza. Kati ya Agosti 2012 na mwanzoni mwa 2013, zaidi ya watu mia moja waliuawa katika delta hii, wakiwemo wanawake na watoto, katika vijiji kama Riketa, Chamwanamuma, Kilelengwani na Kipao. Chanzo hakikuwa kimoja, lakini ardhi, malisho na njia za kuwafikisha ng'ombe mtoni vilikuwa ndani yake. Mahali kama hapo neno "mwenyeji" lina uzito wa hati ya shamba. Vijana wawili wa Kipokomo walimjibu mzee kwamba neno lile ni la kweli na libaki. Sauti zilianza kupanda. Mwalimu wangu mstaafu akaingilia kati akauliza ni nani katika nyimbo zenyewe anayelitumia neno hilo, na kwa nani. Sikuwa na jibu. Hazikuwa nyimbo zilizosema. Nilikuwa nimesema mimi.

Hatukuafikiana siku ile, na sidhani ilikuwa lazima tuafikiane. Katika rasimu yangu ya sasa nimeandika ni nani anayejiita mwenyeji, ni nani anayeitwa mgeni, na katika mazungumzo ya aina gani. Ni sentensi ndefu na nzito kuliko ile ya kwanza. Vijana wale hawajaipenda, na wameniambia.

Wapo watakaosema kwamba hili ninalolipendekeza ni jambo geni lisilo na mizizi katika taaluma yetu. Si kweli. Makerere ilianzisha kundi lake la michezo ya kuigiza ya kusafiri mwaka 1965, wanafunzi wakazunguka na maonyesho yao mbali na kampasi. Mwaka 1968, Ngũgĩ wa Thiong'o, Henry Owuor-Anyumba na Taban lo Liyong walipodai katika Chuo Kikuu cha Nairobi kwamba fasihi ya Kiafrika, simulizi ikiwemo, iwe kitovu cha masomo, ndipo mlango ulipofunguka kwa wanafunzi kwenda kwa wazee kukusanya. Tatizo ni kwamba tulichukua nusu ya funzo. Tulijifunza kwenda, hatukujifunza kurudi.

Mfano ninaouona kuwa mkubwa zaidi ni wa Kamiriithu, karibu na Limuru. Mwaka 1977 mazoezi ya tamthilia ya Ngaahika Ndeenda yalifanywa mbele ya macho ya wanakijiji, na wakulima na wafanyakazi wakawasahihisha waandishi wake wawili, Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mirii, juu ya namna watu wanavyozungumza na mambo yalivyotendeka. Ngũgĩ, aliyefariki Mei 2025, alikuwa wakati huo mkuu wa idara ya fasihi katika chuo kikuu, na baadaye aliandika bila haya jinsi alivyofundishwa pale lugha yake mwenyewe. Serikali iliyasimamisha maonyesho Novemba mwaka ule ule. Sisi huikumbuka Kamiriithu kwa kule kupigwa marufuku, na tunasahau mazoezi.

Tana yenyewe ina historia ndefu ya kuchukuliwa vitu bila kurudishiwa chochote. Katika miaka ya 1890 mmisionari Ferdinand Würtz wa Ngao aliandika juu ya sarufi na msamiati wa Kipokomo, kwa Kijerumani. Alice Werner, aliyekuja baadaye kuwa profesa wa Kiswahili mjini London, alichapisha maelezo yake juu ya Wapokomo mwaka 1913, kwa Kiingereza. Ngoma kuu ya Wapokomo, ngadji, iliyokuwa nguzo ya mamlaka ya wazee wao, ilichukuliwa na maofisa wa kikoloni mwanzoni mwa karne ya 20 na imehifadhiwa ghalani katika British Museum. Lahani ya wimbo wetu wa taifa, uliotayarishwa mwaka 1963, ilitokana na wimbo wa Kipokomo wa kumbembeleza mtoto. Kila Mkenya anaifahamu lahani hiyo. Ni wangapi wanaojua mama alikuwa akimwambia mtoto nini? Sisemi kwamba tasnifu zetu ni sawa na wizi wa ngoma. Nasema kwamba mtu wa Garsen, akimwona kijana mwenye kinasa sauti, ana sababu ya kuuliza: hii nayo inakwenda wapi?

Utaratibu wa sasa haumjibu. Kibali cha utafiti cha NACOSTI hututaka tujulishe wakuu wa serikali katika kaunti kabla ya kuanza, na tuwasilishe ripoti kwa tume baada ya kumaliza. Hakitutaki tumjulishe aliyeimba.

Nimesikia pingamizi kadhaa tangu nianze kuizungumza rai hii. La gharama ni jepesi: nauli yangu na kodi ya ukumbi havikufikia nilichotumia kuchapisha na kutia majalada nakala za tasnifu. La posho ni gumu kidogo. Mashirika yamewazoesha watu kwamba mkutano una soda na nauli, na mimi nilitangaza mlangoni kuwa sina. Baadhi waliondoka. Waliobaki, nadhani, walibaki kusikiliza sauti za watu wao. Kuhusu dai kwamba wananchi hawaelewi nadharia, niseme tu kuwa nilipojaribu kueleza ukurasa wangu mmoja wa uamilifu bila kulitaja neno "uamilifu", niligundua kuwa ukurasa ule haukuwa na kazi yoyote. Nimeuondoa, na msimamizi wangu hajaukosa.

Pingamizi ambalo sina jibu lake kamili ni hili: hadhara nayo ina wakubwa wake. Bibi yule aliweza kunikosoa kwa sababu umri wake ulimruhusu. Wanawake vijana hawakusema neno ukumbini. Walinifuata nje, chini ya mwembe, wakaniambia mambo mengine mawili yaliyopingana na aliyoyasema mzee mmoja. Yamkini siku nyingine diwani atajaza ukumbi kwa watu wake, au mtafiti ataogopa kuandika jambo la kweli kwa kuwa halikupendeza. Ndiyo maana sipendekezi kwamba hadhara iwe na kura ya turufu. Napendekeza kwamba yaliyosemwa yaandikwe, pamoja na yaliyosemwa nje ya ukumbi, yaambatishwe kwenye tasnifu, na mtafiti aeleze alichokikubali, alichokikataa na kwa nini. Jopo lisimwite mwanafunzi kwenye utetezi bila kumbukumbu hizo. Zikionyesha kwamba hakuna aliyempinga, aulizwe aliwaalika nani.

Na walimu wetu nao wasiachwe. Profesa anapotoa mhadhara wa wazi kuhusu fasihi ya pwani, askari wa getini humtaka kila anayeingia atoe kitambulisho cha chuo. Mhadhara huo uko wazi kwa nani? Chama chetu hufanya kongamano kila mwaka; kipindi kimoja tu, cha nusu siku, kingeweza kufanyiwa Garsen, Kipini au Ngao, na wasomaji wa karatasi wakawa ni sisi na waulizaji wakawa ni wao. Msimu wa kuchagua ni baada ya mavuno, mto ukiwa umepungua.

Sura ya nne ningali naiandika upya. Familia ya yule mzee mpiga kafi haikuniomba nakala ya tasnifu. Imeniomba sauti yake. Nimewatilia katika kadi mbili za simu, moja ya mjane na moja ya binti yake aliyeko Malindi, na katika zote mbili nimeufuta utangulizi wangu mwenyewe, ninaposikika nikisema kwa sauti kavu ya mtafiti: "Wimbo wa kazi, namba saba."